Aliyeitikia Namba Saba

Nawategea, kaeni sawa. Nina mwenyeji wangu: nikimwendea hunikumbatia mwili mzima asibakishe hata ukucha, nikimuaga hakumbuki kama nilifika kwake. Ni nani? Msijisumbue, wala sitawadai mji. Ni maji. Si maji ya mtungi, si maji ya mto unaojua unakokwenda. Ni maji ya wazi, yasiyo na ukuta wala kona, ambayo mtu akiwa katikati yake hana mbele wala nyuma, ana juu na chini tu.

Katika maji hayo Kalunde aliingia asubuhi ile kama alivyoingia asubuhi zote: vifundo vya miguu, magoti, kiuno, pumzi moja ndefu, basi. Nasema asubuhi ile kwa sababu lazima niseme kitu. Nchini kwao asubuhi zilikuwa zimegandana kama wali wa jana, ukibandua moja unatoka na jirani yake. Saa ya ukutani kwenye banda la kubadilishia nguo ilisema saa tatu kasorobo. Kila walipoitazama ilisema hivyo hivyo, na hakuna aliyeona ajabu, maana kila walipoitazama kweli ilikuwa saa tatu kasorobo.

Hakusikia baridi. Zamani alikuwa akiisikia, akipiga kelele, akicheka, akitukana kidogo. Siku hizi maji yalimpokea kama mtu anavyopokea mzigo wa mwenzake, bila neno, naye akajitoa kwayo bila neno. Ilikuwa ganzi. Ganzi si maumivu wala si kupona. Ni kama mwenye nyumba amehama akaacha taa inawaka, wapita njia wanasema yupo, tazama, taa inawaka. Kalunde hakuipenda ganzi wala hakuichukia. Alikaa nayo kama mtu anavyokaa na mpangaji mkimya, bila kujua siku alipohamia.

Nchi ile ilikuwa na maji ya aina mbili. Kulikuwa na maji ya magoti, na kulikuwa na maji ya wazi. Maji ya magoti yalizungushiwa uzio wa matete, na waliokuwamo walifungwa kamba kiunoni, na pande zote walisimama watazamaji. Kazi ya watazamaji ilikuwa kutazama. Hawakupepesa. Walisemezana juu ya vichwa vya wale waliomo: huyu mguu umelegea, huyu leo hana raha, huyu mshike bega. Maji ya wazi yalikuwa ya wanaojiamini peke yao. Wanaojiamini walikuwa kumi, kila mmoja na kofia yake nyeupe ya mpira, na boya lake la rangi ya chungwa linalomfuata nyuma kwa uzi, na namba yake. Nao walikuwa na msimamizi mmoja, Bwana Lufungulo, aliyeketi ufukweni kwenye kigoda akiwa ameyapa maji kisogo.

Ndiyo, kisogo. Usidhani alikuwa mvivu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao, na waliiona ni heshima kubwa kuliko zote. Kumtazama mtu anayejiamini, walisema, ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Kwa hiyo Lufungulo alitazama milima, na watu wake aliwasimamia kwa masikio. Aliyapaka mafuta ya nyonyo kila alfajiri, masikio makubwa mazuri, yaliyosimama kama majani ya mgomba mchanga. Kwa masikio hayo alijua nani amechoka, nani amegombana na mumewe, nani amekula mihogo. Sura zao hakuzijua. Alifika kabla yao uso ukiwa milimani, akaondoka baada yao uso ukiwa milimani. Wala wao sura yake hawakuijua.

"Siku moja atatugeukia," Ndalahwa alipenda kusema, "atakuta tumeshazeeka, aulize hawa wazee wamefuata nini kwenye maji yangu." Ndalahwa alikuwa namba tatu, mzee mnene aliyeelea kama gogo, na mzaha wake ulikuwa mmoja tu, ila alijua kuubadilisha nguo.

Kabla ya kuingia kila mmoja aliulizwa mara tatu.

"Namba sita, unajiamini?" akauliza Lufungulo asubuhi ile.

"Najiamini," akajibu Kalunde.

"Unajiamini?"

"Najiamini, Bwana Msimamizi."

"Unajiamini?"

"Kama jana."

"Jana sikuulizi."

"Najiamini."

Akaingia. Nyuma yake akaja namba saba, Nyanzala, rafiki yake, mwanamke mrefu mwenye shingo ya kuinamia watu. Kalunde alimsikia akiulizwa mara tatu na akijibu mara tatu, sauti nyembamba, kavu, inayotoka kama sindano inapita kitambaa kigumu. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho, kwa saa nyingi za siku ile, Nyanzala kutumia koo lake.

Sasa sikilizeni utaratibu, maana hapa ndipo kosa lilipolala. Filimbi ya Lufungulo ilipolia, kila aliye majini aliita namba yake, moja hadi kumi, popote alipo. Namba zikitimia, filimbi ilishushwa, kuogelea kukaendelea: kwenda hadi boya kubwa jekundu la nje, kulizunguka, kurudi. Namba ikinyamaza, Lufungulo aliiita mara mbili zaidi kwa mdomo. Ikinyamaza bado, mtumbwi uliokuwa umelazwa mchangani nyuma ya kigoda ulitiwa majini, aliyenyamaza akatafutwa, akapatikana, akavuliwa kofia nyeupe, akapelekwa maji ya magoti. Huko hakuna aliyerudi. Si kwamba walikatazwa kurudi. Mtu akishatazamwa sana huanza kujitazama, na anayejitazama haogelei.

Mama yake Nyanzala aliishia huko. Alitazamwa hadi akawa mwembamba kama kanga iliyofuliwa mno, upande wa pili unaonekana. Nyanzala alikwenda kumwona mara moja, akarudi, akamwambia Kalunde, "Dada, mimi bora nisiwepo kuliko kuwepo kule."

"Hutakwenda kule," Kalunde alimjibu. "Mimi nipo."

Ilianza na kikohozi. Hapo zamani, juzi, au miaka kumi iliyopita, filimbi ililia Nyanzala akiwa amepaliwa. Kalunde aliita sita, akageuka, akamwona mwenzake amefumba macho, mkono uko kifuani, kinywa kinafunguka na kufumba bila kitu. Basi Kalunde akabana pua kidogo, akaita, "Saba." Nane akafuata, tisa, kumi. Filimbi ikashuka. Nyanzala alipopata pumzi walicheka hadi maboya yao yakagongana. Ilikuwa kama darasani, mtoro anapoitikiwa na jirani wa dawati, mwalimu anaweka tiki, dunia inaendelea.

Mara ya pili Nyanzala alikuwa amechoka tu. Mara ya tatu hakusema sababu. Baadaye halikuwa jambo la kuulizana. Filimbi ikilia Kalunde aliita sita kwa sauti yake, akameza mate, akaita saba kwa ile nyingine. Na ile nyingine, kwa kutumiwa sana, ikanenepa. Mwanzoni ilikuwa sindano ya Nyanzala vile vile. Kisha ikapata utamu kidogo mwishoni, kama mtu anayetabasamu. Saba wa Kalunde alikuwa mchangamfu kuliko Saba mwenyewe. Siku moja Lufungulo alisema mbele ya wote, uso milimani, "Namba saba anaendelea vizuri mno. Wengine mwigeni." Wote wakapiga makofi, Nyanzala naye akapiga, akimtazama Kalunde, na macho yake yalikuwa ya mgeni anayeonyeshwa picha za harusi asiyohudhuria.

Tangu hapo alianza kupungua maneno. Walikuwa wakiogelea bega kwa bega wakitegeana vitendawili, huo ndio ulikuwa mchezo wao. "Nimemtuma mjumbe," Nyanzala alitega safari moja, "amefika kabla sijamaliza kumtuma, na bado ninaye mdomoni."

"Mate," akasema Ndalahwa aliyekuwa akielea karibu.

"Mate yako yanafika wapi, babu wee? Ni sauti."

"Ya kwangu hufika. Muulize mke wangu ninapokula samaki."

Kitendawili hicho kilikuwa cha mwisho. Baada yake Kalunde alitega, Nyanzala akatikisa kichwa, wakaogelea. Wakaogelea. Mtu anaweza kuogelea miaka mingi karibu na mtu aliyenyamaza asijue, maana maji yana kelele zake. Asubuhi ile Kalunde alivuta maji akijisemea moyoni:

Mkono wa kulia. Mkono wa kushoto. Pumzi. Huu mkono ni wa nani. Ni wangu, nimeuona ukitoka begani. Mkono wa kulia. Kama sihisi mkono, na mkono unakwenda, nani anaupeleka. Pumzi. Sita. Meza mate. Saba. Mkono wa kushoto. Kuna siku niliita saba kwanza ndipo nikaita sita, hakuna aliyejua. Pumzi. Hata mimi sikujua hadi jioni. Mkono wa kulia. Nyanzala yuko kulia. Alikuwa kulia. Mkono. Yuko, kwa kuwa nimemwitikia.

Filimbi ndefu ya kutoka ikalia. Kalunde, maji kifuani, karibu na mawe ya ufukweni, akaita sita, akaita saba. Kumi akaita. Lufungulo akasema neno lake la kila siku, "Wametimia," akafuta filimbi kwa upindo wa shati. Wakatoka, wakavua kofia, wakaketi juu ya mawe, wakapokezana vikombe vya uji wa ulezi. Kalunde alishika kikombe kwa mikono miwili, hakujua ni cha moto hadi alipoona mvuke.

Ndipo akaona kanga. Ilikuwa imekunjwa mraba juu ya jiwe tambarare, na juu yake kandambili mbili zimepangwa pua kwa pua kama zinanong'onezana. Aliitazama muda mrefu. Akili yake ilikwenda taratibu, kama mtu anayetafuta swichi katika chumba asichokifahamu. Kanga ya Nyanzala. Nyanzala hajaichukua. Nyanzala hajatoka.

Hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini akaenda kwenye kigoda, akasimama nyuma ya kile kisogo.

"Bwana Msimamizi, Nyanzala hayupo."

"Nani?"

"Saba."

"Saba kaitika. Tena vizuri."

"Niliyeitika ni mimi."

"Wewe ni sita. Sita naye kaitika."

"Wote wawili ni mimi."

Lufungulo alicheka kidogo kwa pua. "Mama, nimekaa kwenye kigoda hiki tangu kikiwa mti. Sauti ya saba naijua kuliko ninavyoijua ya mke wangu."

"Basi sikiliza," akasema Kalunde. Akabana pua, akaita, pale pale nchi kavu, kwa utamu ule ule wa mwishoni, "Saba."

Uso wa Lufungulo hakuuona, lakini aliona masikio yakilegea kwa faraja. "Haya, si huyo hapo," akasema Lufungulo. "Namba saba, mtulize mwenzako. Naona amepigwa na jua."

Kwenye mawe hakuna aliyecheka. Kalunde alisikia vikombe vikiwekwa chini kimoja kimoja.

"Geuka utazame," akasema.

Hilo lilikuwa tusi. Hata yeye alilisikia likitoka kama tusi. Lufungulo alijibu kwa upole, na upole wake ndio uliotisha.

"Nikigeuka, hawa wote si wanaojiamini tena. Wanakuwa watu wa kutazamwa. Ndilo unalolitaka? Waulize kama na wao wanalitaka."

Kalunde aliwatazama. Namba mbili alikuwa akikuna ndani ya sikio. Namba tisa alikuwa akisoma kikombe chake kama kina maandishi. Ndalahwa, ambaye kila siku alikuwa na neno, akasema, "Dada yangu, kunywa uji. Nyanzala atakuwa amezungukia matetani, atatokea sasa hivi amevaa nguo ya kuazima."

"Umemsikia leo, Ndalahwa? Kwa masikio yako, umemsikia?"

"Nimemsikia akiitika."

"Umemsikia nani?"

Ndalahwa alimtazama kwa huruma kubwa, kama mtu aliyejua siku zote. Akainamia kikombe.

"Mtumbwi hutoka kwa namba iliyonyamaza," akasema Lufungulo kuielekea milima. "Leo hakuna namba iliyonyamaza. Mimi siwezi kumtafuta mtu aliyetimia."

Hapo Kalunde alisimama, na katika kusimama kule akaliona kosa lake lote, refu, kama mtu anavyouona uzi wa boya lake nyuma yake. Alidhani amemkinga mwenzake. Kumbe kila alipomwitikia alimfuta herufi moja. Utawala wa kisogo haukumdhuru Nyanzala, haukumjua hata kumdhuru. Aliyemfuta ni aliyempenda, tena kwa mapenzi, tena kwa sauti nzuri kuliko yake. Lilipaswa kuwa jambo la kulia. Kalunde alingoja machozi kwa adabu, kama mtu anavyomngoja mgeni aliyeahidi, hayakuja. Akavaa kofia yake nyeupe.

"Sita naingia tena," akasema.

"Unajiamini?"

"Najiamini."

"Unajiamini?"

"Najiamini."

"Unajiamini?"

"Najiamini."

Masikio yale yaliyosikia mihogo tumboni hayakusikia uongo, kwa kuwa neno lilikuwa lile lile.

Aliogelea hadi ufuko ukawa uzi. Alijua filimbi italia, maana maji yakiwa na mtu, hata mmoja, filimbi lazima ilie. Ikalia. Ikapita juu ya maji, ikamfikia, ikaingia.

Naye akanyamaza.

Mnadhani kunyamaza ni kutofanya kitu. Si hivyo. Kwa mtu aliyeitika maisha yake yote, kunyamaza ni kubeba jiwe kwa meno. Koo la Kalunde lilipanda lenyewe. Sita ilifika kwenye ulimi ikagonga, nyuma yake saba ikasukuma, kama watu wawili mlangoni penye moto. Alifumba kinywa akatia uso majini. Akakaa humo. Ufukweni Lufungulo akaita kwa mdomo, "Sita." Akakaa. "Sita." Kwa mara ya kwanza tangu apewe namba alijiona hayupo, na ajabu, hapo ndipo alipohisi kidole kimoja cha mguu, kidogo, cha mwisho, kinauma kwa baridi.

Alipoinua kichwa kigoda kilikuwa kimeanguka. Bwana Lufungulo alikuwa amesimama amegeuka. Kalunde aliuona uso wake kwa mbali, uso wa kawaida tu, wa mwanamume mwenye mashavu, kinywa wazi. Ndalahwa alisimulia baadaye kwamba Msimamizi aliyatazama maji akasema neno moja, "Kumbe mapana." Kisha akawa anauliza waliokuwa karibu, "Sita anafananaje? Ni yupi? Anafananaje?" Wakamwonyesha kile kidoti cheupe.

Mtumbwi ulikuwa mkavu kwa kukaa juani. Ulivuja. Lufungulo alipiga kafi kama mtu anayechota mchanga, ukaja upandeupande. Kalunde angeweza kungoja. Hakungoja. Aliogelea mbele yake, akaacha boya lake la chungwa lionekane, kila mtumbwi ulipokaribia akavuta mikono mitatu zaidi, akamvuta yule mtu kwa kimya chake kama mtu avutaye ng'ombe kwa kamba, kuelekea boya kubwa la nje.

Nyanzala alikuwa pale. Alikuwa amepitisha mikono yote miwili kwenye pete ya chuma ya boya jekundu, shavu limelazwa juu ya kutu, kofia nyeupe imepanda juu ya sikio moja. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Macho yalikuwa wazi, yametulia.

Kalunde alishika pete. "Nyanzala."

Nyanzala alimtazama bila haraka.

"Mdogo wangu, mbona hukuita? Mbona hukupiga kelele?"

Sauti ilipotoka ilikuwa nzito, imepasuka, haikuwa hata sindano tena. "Filimbi ililia," akasema. "Nikasikia nimeitika. Kule, karibu na mawe. Tena nilikuwa na furaha." Akapumua. "Nikasema, ah. Basi nimeshafika. Hiki kilichobaki huku hakina kazi."

Kalunde alisogea karibu zaidi. Akampitishia mkono mgongoni, na migongo na mikono yote ilikuwa na ganzi, hivyo hakuna aliyejua nani amemshika nani.

Mtumbwi ukafika ukagonga boya. Lufungulo aliinama juu yao, jasho linamdondoka puani, akiwatazama mmoja, kisha mwingine, kama mtu aliyeambiwa achague.

"Sita ni nani?"

"Mimi," akasema Kalunde.

Akaitikia kwa kichwa, sauti ameijua. "Ulinyamaza. Tutalizungumza. Na huyu?"

"Huyu ni saba."

"Aseme mwenyewe nimjue."

Nyanzala alimgeukia Kalunde. Alisubiri. Hakuwa akitania. Alisubiri kama mtu anavyosubiri mkono wake mwenyewe ufikishe kijiko kinywani. Kalunde akakaza midomo. Maji yakapiga boya mara kadhaa.

"Saba," akasema Nyanzala mwisho, kwa lile koo lililopasuka.

Lufungulo aliinamisha sikio, akafikiri kwa haki kabisa. "Siye," akasema. "Saba namjua mimi. Saba ana sauti ya furaha." Akaweka viganja kinywani akageukia ufukweni, akaita kwa nguvu zake zote, "Saba." Akangoja. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Mara zote tatu alikuwa akiitazama pwani, na nyuma yake Kalunde alikuwa amebana midomo yake kwa vidole viwili, maana midomo yenyewe ilikuwa na ganzi na bila vidole asingejua kama imefungwa.

"Saba amenyamaza," akasema Lufungulo, na uso wake wa kawaida ukazeeka mbele ya macho yao. "Saba wangu amepotea. Pandeni upesi, wote wawili, tumtafute. Hata wewe usiye na namba, panda, macho mawili ni macho mawili."

Wakapandishwa. Akavua koti lake akamfunika Nyanzala, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Akashika kafi. Wakaanza kumtafuta Saba.

Kalunde aliketi katikati akiyakomba maji yaliyovuja kwa kofia yake. Alijua, na kujua huko kulikaa mdomoni mwake kama kokwa, kwamba neno moja lingemaliza yote. Abane pua, aseme. Lufungulo atageuka akicheka kwa furaha, Saba amepatikana, filimbi, uji, nyumbani. Na yule mrefu aliyejifunika koti atashushwa ufukweni pamoja nao, atatazamwa kidogo na kusahauliwa, mgeni aliyeokotwa kwenye boya, asiye na namba. Na asiposema, watazunguka hapa hadi mtumbwi ujae. Alikomba maji. Akamwaga. Akakomba.

Nyanzala naye alikuwa akitafuta. Aliweka kiganja juu ya macho, akapekua maji upande huu, akapekua upande ule, kwa bidii ya mtu aliyesaidiwa na anayetaka kusaidia. Kisha, kwa kuwa macho hayakuona kitu, akaanza kuita.

"Saba," akaita. Ilikuwa sauti mbovu. Ilidondoka karibu na mtumbwi ikazama.

"Ongeza," akasema Lufungulo akipiga kafi. "Hawezi kukusikia hivyo."

"Saba," akaita Nyanzala. Akakohoa, akatema. "Saba. Saba wee, uko wapi?" Akasikiliza. Akasimama kidogo, akishika bega la Kalunde ili asianguke, na Kalunde alihisi vile vidole vinavyobana, kimoja kimoja, vitano. "Saba," akaita, na safari hii ikaenda, nyembamba, kavu, ikapita juu ya maji kama sindano inapita kitambaa kigumu.

Lufungulo aliacha kafi ndani ya maji. Sikio moja lilisimama.

"Wewe," akasema. "Hebu rudia."

Nyanzala akamtazama Kalunde. Kalunde akainamia maji yaliyovuja, akakomba.

Nyanzala akarudia.